Mabomba ya Sura ya Tatu

Mabano alikuwa katikati ya sura ya tatu ya ripoti ya maji, akibadilisha alama kuwa elementi, vile vipande vya msimbo vinavyoandikwa ndani ya mabano. Wenye mradi waliandika ##BOMBA## kila mahali walipodai wamejenga bomba. Kazi yake ilikuwa kuandika kanuni ya kuipitia faili nzima: maneno ya kabla ya alama yabaki, alama iondoke, elementi ya bomba ikae mahali pake, kisha maneno ya baada yafuate. Ufundi huo alijifunza mwenyewe. Jina alipewa na wenzake, kwa kuwa kutwa nzima anafungua mabano na kuyafunga.

Aliiendesha kanuni kabla ya chakula cha mchana. Mama yake akapiga simu.

"Mwanangu, limeota bomba hapa kwetu, karibu na bucha."

"Moja?"

"Moja tu. Kwani ulitaka mangapi?"

Mabano aliitazama aya ya mtaa wao. Alama zilikuwa tatu. Kanuni ilishika ile ya kwanza tu na kuziruka nyingine, kosa la kawaida. Akairekebisha, iwe inarudi kwenye maneno yaliyosalia mpaka alama ziishe, akaiendesha tena.

"Sasa yako matatu," mama alisema. "Moja limetokea mlangoni kwa fundi cherehani. Anapita ubavu."

"Yanatoa maji?"

"Yanakoroma."

Mabano akarudi kwenye faili kuyatafuta maji. Ripoti haikutaja kisima, wala tangi, wala njia ya kuyaleta. Akafungua elementi moja na kuandika maji ndani yake kwa mkono. Mhariri wa meza ya pili aliinua miwani.

"Dada, mwandishi kayataja wapi hayo maji?"

"Hakuyataja."

"Basi usimtungie. Tutarudishiwa kazi yote."

Mabano akayafuta.

"Moja lilidondosha kidogo," mama alisema kwenye simu. "Nikawahi na ndoo. Limenyamaza."

Alasiri wakaguzi walifika mtaani. Waligusa mabomba, wakayalinganisha na ripoti, wakakuta hakuna lililopungua. Kisha wakampigia simu dereva wa boza la maji, lililokuwa likija kila Jumamosi, wakamwambia asije tena. Mtaa wenye mabomba haupelekewi boza.

"Kwa hiyo nitarudi kule kisimani, nyuma ya gereji," mama alisema alipopiga simu tena.

"Na mgongo?"

"Mgongo nitakwenda nao. Nimwachie nani?"

Mabano alikwenda kwa meneja, akasimama mlangoni.

"Bosi, mabomba yametokea, lakini hayana maji. Na boza wamelikatiza."

"Yametokea yote?"

"Yote."

"Safi. Sasa sura ya nne. Wanaitaka wiki hii."

Alirudi mezani akaifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na ##ZAHANATI##, na wa pili pia, na moja ilikuwa ya mtaa wao, mkabala na fundi cherehani. Alitafuta neno muuguzi, halafu daktari, halafu dawa. Hayakuwemo. Aliandika nusu ya kanuni, macho yakaanza kumuuma, akaihifadhi ilivyo. Nusu nyingine ataimalizia kesho. Akazima kompyuta, akachukua mkoba, akashika njia ya gereji, awahi kumpokea mama ndoo.