Tunakuja na Moto

Mume wangu aliusoma ujumbe kwa sauti, akausoma tena: "Jumamosi tunakuja na moto. Mtatuona."

Ulikuwa umetoka kwa Mama Bertille wa Moba, mama yake Jérémie. Jérémie ndiye baba wa mjukuu wetu Daniella, na Claire, binti yetu wa pekee, anaishi naye hukohuko Moba. Mtoto alizaliwa kabla hata mtu mmoja wa kwao hajaja kujitambulisha kwetu Kalemie, na Papa Claire, ndiye mume wangu, akaapa: hataongea na binti yake mpaka watu wa ukoo ule waje na mtoto, waketi, waseme wao ni nani. Karibu miaka miwili nyumba yangu ilikuwa imenuna. Wiki ile ndipo alipolegea kidogo, akatuma neno kupitia katekista kwamba waje. Sasa jibu lenyewe ndilo hilo.

"Mama Bertille hawezi kusema vile," nikasema.

"Alisema. Weye mwenyewe uliniambia ile kitu haigeuze hata neno moja."

Na kweli nilimwambia.

Kitu chenyewe kinaitwa Kinywa. Ni programu ya simu: wewe unasema, yenyewe inaandika. Wanaoitengeneza wako mbali huko ng'ambo, lakini walipotaka isikie Kiswahili chetu cha ziwani walitafuta sauti, na mojawapo ikawa yangu. Nilijifungia chumbani, madirisha nimeyabana ili mbuzi wa jirani wasiingie kwenye kazi, nikatoka jasho nikisoma: mutoto analia, muntu amefungua mulango. Walinipa kofia na cheo, Balozi wa Lugha. Kwenye ukurasa wao wameandika kwa herufi nene: "Unavyosema ndivyo tunavyoandika. Hatugusi neno lako." Nikaamini. Nikawawekea Kinywa akina mama wa kwaya, nikamwekea mume wangu ambaye vidole vyake ni vinene kuliko herufi za simu, nikamwambia Claire, niliyekuwa nikiongea naye kwa siri, amwekee na Mama Bertille. Tena nikawaambia wote wasijisumbue kusoma kabla ya kutuma. Mdomo uliponza kichwa.

Papa Claire hakungoja ushauri. Alitoka uani na simu yake, akaifokea kana kwamba Moba yote imo ndani: "Kujeni tu! Mutalia hapa!" Akatuma. Nami nikakimbilia simu yangu kumpigia Claire, nikampigia Mama Bertille, nikampigia hata Jérémie. Hakuna aliyepatikana. Ilikuwa Ijumaa jioni, boti la kufika kesho yake lilikwisha kuacha pwani ya Moba, na kule katikati ya ziwa mtandao hakuna.

Nikaketi jikoni, sombe ya majani ya muhogo ikichemka. Nikafungua Kinywa, nikasema polepole, kwa sauti ileile niliyowapa: "Mutoto analia."

Kikaandika: Moto unalia.

"Leta mutoto," nikasema.

Lete moto.

Nikaisogeza simu karibu na macho. Juu ya kioo palikuwa na tangazo ambalo sikuwa nimelisoma. "Habari njema! Kuanzia wiki hii Kinywa kinaandika vizuri kuliko unavyosema." Vizuri kuliko ninavyosema, mimi niliyewafundisha! Na chini yake, bila haya, maneno yale ya zamani: Hatugusi neno lako. Watu hawa waliweka ahadi na kuivunja kwenye ukurasa mmoja, na hakuna kati yao aliyeona aibu. Ahadi ni deni. Kwetu hata mlevi analijua hilo.

Nikawashitaki palepale. Kwa hasira nikasahau, nikatumia Kinywa chenyewe: "Muliniongopea!" Jibu likaja upesi, la furaha tele: "Asante, Balozi! Tunafurahi kwamba tulikuongoza." Nikatazama nilichokuwa nimetuma. Mliniongoza. Nilicheka kwa uchungu mpaka sombe ikaungua.

Nikampelekea mume wangu simu. "Papa Claire, sema mutoto."

"Mutoto."

Moto.

"Mutoto!" Akaisogeza karibu na mdomo. "Mu-to-to!"

Moto, moto, moto. Aliutazama ule moto kwa muda, lakini uso haukulegea. "Na kama mama ule alisema moto kweli?" Ndipo nikajua kwamba tatizo si simu peke yake. Mzee alikuwa amezoea kununa, na kuacha kununa ni kazi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na mimi nimekwisha kuwaambia watalia."

Maji yakimwagika hayazoleki. Jumamosi asubuhi tulishuka bandarini, yeye amevaa koti, akisema anakwenda tu ili watu wasiseme amejificha.

Claire alishuka wa kwanza, amekonda, mtoto mgongoni. Nyuma yake Jérémie na godoro begani. Kisha Mama Bertille na mikeka na masufuria, akicheka na kumwita mume wangu kabla hajatufikia.

"Papa Édouard! Aksanti sana kwa mesaji, imetufikia tukikaribia hapa. Tuliogopa, tukasema mzee ule atatufukuza. Kumbe ni muntu wa roho nzuri! Unaona, tumeleta mikeka yetu tusikusumbue."

"Mesaji gani?"

Akamwonyesha. Njoni tu! Mtalala hapa.

Nikang'ata ncha ya kitenge changu. Papa Claire akatazama maandishi, akatazama godoro, akafungua mdomo. Angesema sentensi moja tu, "Sikusema hivyo," na boti lingewarudisha Moba na binti yangu juu yake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mama Bertille si mjinga. Aliuona ule mdomo wazi, akaacha kucheka. "Lakini ile ni ya simu," akasema. "Mimi nataka kusikia ku kinywa yako."

Claire alikuwa akitazama chini.

"Mutalala," akasema mume wangu, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Akasafisha koo. "Mutalala kwetu. Wote. Claire, leta mutoto."

Nilifarijika, nikaketi juu ya godoro la watu.

Kinywa nilikifuta kabla hatujatoka bandarini. Mama Bertille alipojua mambo yote alisema labda kilitusaidia. Nikamwambia hapana, aliyekuongopea amekuongopea, hata ukifika salama. Sauti yangu bado iko kwao na sijui wanaifanyia nini, lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kuililia.

Jua lilikuwa kali, njia ya kwetu inapanda, na Daniella ni mzito. Nilimwomba Papa Claire anipe nimbebe kidogo. Akakataa, akaongeza mwendo.