Waya wa Goti la Gaspari

Marietha alikuwa amelia mpaka koo limemkauka, lakini kilichomfanya ausukume uji asubuhi ile hakikuwa kilio. Kilikuwa kinyaa. Kinyaa kile cha mtu aliyekuta funza kwenye nyama ambayo keshaitia mdomoni.

Mumewe, Gaspari, alikuwa chumbani ndani ya jeneza, akisubiri kuzikwa baada ya misa ya mchana. Presha ilimwangusha shambani, kwenye alizeti, na hakuamka tena. Na mdogo wake, Damiani, tangu maiti ifike kutoka mochwari alikuwa halali, hali, analizunguka jeneza tu kama fisi aliyesikia harufu ya zizi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kuwa nayo, "mtupishe kidogo nyie wanawake. Tumvalishe kaka viatu. Hawezi kwenda kwa Mungu peku."

Viatu! Gaspari huyu huyu aliyevaa viatu siku ya ndoa yake akalalamika mpaka Pasaka! Maisha yake yote alitembea na makubazi ya tairi, leo akishakufa ndiyo miguu imekuwa ya kiungwana?

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miaka kadhaa nyuma Gaspari alianguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga katika msitu wa Mgori, pia ya goti ikapasuka vipande. Bahati yake, hospitalini alikopelekwa walikuwapo madaktari wageni waliokuja na waya wa aina mpya. Ulikuwa wa metali nyepesi ya magnesi, umechanganywa na madini adimu yaitwayo gadolini, yamesafishwa hata hayana chembe ya taka. Wakalishona goti kwa waya ule kama watu wanavyoshona kibuyu kilichopasuka. Daktari akamweleza Marietha mwenyewe, kwa Kiswahili cha kuungaunga, kwamba waya ule hautatolewa. Mfupa ukishaunga, waya unayeyuka kidogo kidogo na mwili unaunywa. Ukipita mwaka au miwili, humo ndani hakuna kitu.

Gaspari alisikia, akaelewa vizuri kabisa, halafu akaenda zake kilabuni kudanganya watu.

"Mimi si mwenzenu tena," alikuwa akisema huku anapigapiga goti. "Humu mna madini yanayoipita dhahabu. Wazungu wananiota usiku."

Watu walicheka, wakamnunulia pombe, naye akaongeza chumvi. Ndiyo maana wanasema mdomo huponza kichwa. Mdomo wa Gaspari uliponza goti.

Maana baadaye walikuja watu wa kutafiti madini, wakatoboa vishimo kule vilimani, wakaondoka, wakaacha neno moja tu kijijini: madini adimu. Derick, mtoto wa Marietha, anayeuza vipuri vya simu Singida mjini, akawasomea watu kwenye simu yake. Waya wa madini hayo, ukiwa safi, unatakiwa viwandani na hospitalini. Madini yake yanaingia kwenye mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo, kwenye leza za kukatia chuma na za kutibia macho, kwenye dawa wanazochomwa watu kabla ya kupigwa picha za ndani ya mwili. Na unauzwa kwa gramu.

Kwa gramu! Damiani kazi yake ni kununua vyuma chakavu, na maisha yake yote amepima kwa kilo. Neno hilo lilimwingia kichwani likatandika mkeka.

Basi asubuhi ile Damiani alipotoka kwenda kuwapokea wageni, aliuacha mfuko wa viatu mlangoni. Marietha akauinua ausogeze. Ukawa mzito. Akaufungua. Kulikuwa na viatu, ndiyo, vyeusi, vya mtumba, kimoja kimelika kisigino. Chini yake kulikuwa na msumeno wa chuma, plaizi, na glavu za mpira.

Loo! Marietha alikimbilia nyuma ya nyumba. Huko akamwona mwanawe, akashukuru Mungu. Derick ni mtoto wa kwanza. Derick ni mwanamume. Derick atampasua mtu leo.

"Mwanangu, baba yako mdogo ana msumeno. Anataka kumkata baba yako goti."

Derick hakushtuka. Alitazama huku na huku, akasema, "Mama, punguza sauti."

Hapo Marietha akamkazia macho.

"Unajua?"

"Ni kamkato kadogo tu. Tunamfunga vizuri, suruali inafunika. Nani atajua?"

"Ule waya ulishayeyuka! Daktari aliniambia kwa mdomo wake!"

"Madini hayayeyuki hivyo, Mama. Walikudanganya ili waje kuuchukua wenyewe." Kisha akashusha sauti, akawa mpole kama anayembembeleza mteja. "Na hata kama haumo, si tuangalie tu? Kwani baba ataihitaji hiyo pia ya goti?"

Marietha alimtazama. Huyu alimnyonyesha. Huyu aliumwa surua, Gaspari akambeba mgongoni mpaka zahanati, mvua inanyesha. Leo anamwangalia baba yake kama simu mbovu ya kufungua na kutoa vipuri. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hakuna anayekwambia namna kinavyonuka.

Angepiga kelele? Angepiga, na wazee wangeanza kikao, Damiani angelia machozi na kuapa kwa jina la marehemu mama yao, na mwishowe ingesemwa kwamba mjane ana tamaa, anauficha waya auuze peke yake. Ndivyo ilivyo. Kwa hiyo hakupiga kelele. Aliuchukua mfuko, akaenda jikoni, akamtafuta Scholastika.

Scholastika alikuwa mtani wa ukoo wa Gaspari. Msibani mtani hana breki na hashitakiwi. Atakaa kwenye kiti cha marehemu, atavaa nguo zake, atamwiga anavyotembea na anavyokula, na wewe mfiwa utacheka huku unalia. Marietha alimnong'oneza yote. Scholastika alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate majivuni.

"Nipe koti lake," akasema.

Watu walikuwa wamejaa uani, katekista anapanga wanakwaya, mara Scholastika akatokea amevaa koti la Gaspari na kofia yake, anachechemea vile vile alivyochechemea Gaspari.

"Mimi si mwenzenu!" akapaza sauti, akipiga goti. "Humu mna madini!"

Uwanja mzima ukacheka. Hata wazee walicheka. Scholastika akachechemea moja kwa moja mpaka alipokaa Damiani, akajitupa chini chali mbele yake, akaukunjua mguu mpaka mapajani pa Damiani.

"Haya, mdogo wangu! Kata! Kata upesi kabla sijaoza, bei itashuka!"

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa viatu aliouficha ndani ya koti, akatoa msumeno, akauweka juu ya goti lake. Akatoa plaizi. Akatoa glavu, akamtupia Damiani kifuani.

"Vaa, usije ukachafuka na damu ya kaka yako!"

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja akauliza, "Msumeno huo ni wa nani?" Damiani alikuwa anatoka jasho mpaka kidevuni, na kila mtu pale aliujua msumeno wake wenye mpini uliozungushiwa kamba nyekundu. Mwanamke mmoja akafunika mdomo kwa khanga. Mwingine akasema, "Yesu wangu!" Damiani akainuka, akapita katikati ya watu, na watu wakavuta nguo zao wasimguse.

Gaspari akazikwa akiwa kamili, na goti lake.

Jioni watu walipopungua, Derick alikuja akachuchumaa karibu na mkeka wa mama yake. Hakuja kuomba radhi.

"Mama, umetuaibisha. Ungeniambia tu nikaachana nalo."

"Nilikwambia."

"Uliniambia kwa hasira. Nikajua ni uchungu wa msiba." Akakwanguakwangua vumbi kwa kidole. "Nitarudi mjini kesho. Nitakuwa natuma hela ya sukari."

Marietha alimtazama usoni, akatafuta mahali pa kumpenda kama jana, hakupaona. Kinyaa kilikuwa pale pale, hakijashuka hata kidogo.

"Mimi nikifa, Derick, usinizike," alisema. "Usinioshe, usinibebe, usinishike. Nitazikwa na watani."

Derick akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayedhani mzazi ana hasira tu.

Marietha akayarudia maneno yale kwa Kinyaturu, lugha ya kwao, polepole, neno kwa neno, ili asije akasema hakusikia.