Ombi la Barabara Mbili za Damu

Saa tatu kasorobo asubuhi ya Jumanne, karani wa vibali vya barabara alipangusa meza yake kwa kitambaa kilichokuwa zamani shati la mumewe, akalowesha pedi ya mhuri kwa wino, akavuta faili la kwanza. Mwombaji: Uvimbe. Mahali: ini, upande wa kulia, nyuma. Ombi: barabara mbili za damu, nyembamba, kwa matumizi ya mwombaji mwenyewe. Mwenye ardhi alikuwa wifi yake.

Karani alisoma ombi lote pamoja na viambatisho, maana alikuwa mtu wa kusoma viambatisho. Mwandiko ulikuwa mzuri na lugha ya adabu, ila mchoro haukuwa na vipimo. Akagonga mhuri wa IMEKATALIWA, akaandika sababu, na chini kabisa akaongeza: Nakala kwa Protini, kwa utekelezaji. Kisha akachukua faili la pili, la mtu aliyetaka njia ya kupitisha mkokoteni, nalo akalikataa.

Ofisini na mtaani walimwita Bi Haiwezekani. Aliyelieneza jina hilo ni huyo huyo wifi yake, msusi, aliyeishi naye nyumba moja na kusukia wateja sebuleni.

"Huyu wifi yangu," aliwaambia wateja huku akigawa nywele, "kaka yangu alipomposa, alijibiwa arudi na fomu."

Wateja walicheka. Karani akipita na kikapu chake naye alicheka, kwa kuwa haukuwa uongo sana.

Daktari alikuwa amewaonyesha wote wawili picha ya ini la msusi. Ilikuwa saratani, ndogo kama punje ya mtama, na ilikaa mahali ambapo kisu hakifiki bila kuharibu.

"Bila mishipa ya damu uvimbe haukui," alisema daktari. "Unabaki hapo hapo na njaa yake. Nao unalijua hilo, ndiyo maana unaiita mishipa ije. Lakini mwili una protini zake za asili zinazozuia mishipa isiote. Zako, dada, ni kali."

"Zimetoka wapi?" msusi aliuliza.

"Ni zako mwenyewe. Nyingine ni vipande tu vya protini kubwa, ambayo kazi yake ni nyingine kabisa, kushikilia kuta za mishipa. Kipande kikishamegeka, ndipo kinaanza kukataa."

Karani, ambaye kabla ya vibali alikuwa mapokezi akiwakaribisha watu kwa tabasamu mpaka idara ilipopunguzwa, aliielewa protini hiyo mara moja.

"Mimi nazikumbusha kila Jumanne," alisema.

Daktari akaliandika hilo kwenye kadi, chini ya dawa.

Uvimbe ulikuwa king'ang'anizi. Uliomba barabara mbili, ukaomba moja, ukaomba kichochoro. Karani alikataa vyote, na punje ikabaki punje. Lakini mwenda bure si mkaa bure, na katika kuzungukazunguka kwake uvimbe ukaujua mji. Ombi la ishirini na moja lilikuja na kimemo cha mkurugenzi: Mpitishe.

Mkurugenzi hakuwa na roho mbaya. Alikuwa hasomi tu. Yeyote aliyejua njia ya kufika mlangoni kwake alitoka na kimemo. Na wiki ile karani hakuwepo mezani, alikuwa amepelekwa semina ya siku tano kuhusu huduma bora kwa mteja. Mwenzake aliyemshikia zamu aliona vimemo viwili akavipitisha vyote: barabara ya uvimbe, na barabara ya mwenye maghala, iliyokata katikati ya uwanja wa shule ya chekechea. Hiyo ya pili karani alikuwa ameikataa mara nne.

Aliporudi, greda lilikuwa limeshapita uwanjani. Nyumbani alimkuta msusi amekaa bila mteja, mkono ubavuni. Uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa harage. Daktari aliwaonyesha mshipa mmoja mpya, umenyooka tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Kwa kweli ni kazi safi," alisema daktari, ambaye alipenda kutenda haki.

Karani aliogopa. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, mkoba mapajani.

"Nani kaupitishia?" msusi aliuliza.

"Ofisi."

"Ofisi si ndiyo wewe?"

"Nilikuwa semina, wifi."

Msusi alimgeukia. "Nimekucheka miaka yote hii," alisema. "Leo nakuomba. Kataa."

"Barabara ikishajengwa, kukataa hakutoshi. Inabidi ifungwe, na sababu ya kuifunga ni moja tu: mwenye ardhi hakuridhia." Akafungua mkoba, akatoa fomu.

Msusi aliitazama ile karatasi, akacheka mpaka ubavu ukamuuma, akasaini. Doa la mafuta ya nywele likabaki pembeni ya jina lake.

Asubuhi karani alizifunga barabara zote mbili kwa sababu ile ile, ya pili kwa saini ya mwalimu mkuu wa chekechea. Mkurugenzi akamwita.

"Unakataa kimemo changu?"

"Ndiyo, mkurugenzi. Wenye ardhi hawakuridhia."

Alasiri mwenye maghala alipiga simu, na barabara yake ikafunguliwa. Uvimbe haukuwa na simu. Barabara yake ikabaki imefungwa, na meza ya karani ikahamishiwa ukumbini, karibu na stoo ya mifagio, pamoja na mhuri wake.

Mshipa ulinyauka kwa wiki sita, na harage likarudi kuwa mtama. Msusi alirudi kwenye nywele za watu na kwenye utani wake, na nyumba ikawa na furaha ya kawaida, ile ya sufuria kugongana na mtu kuulizwa kitana amekiweka wapi.

Mwezi wa nane likaja faili jipya. Mwombaji: Uvimbe. Mahali: kongosho. Mwenye ardhi: mkurugenzi. Juu yake kilibanwa kimemo cha mkurugenzi mwenyewe: Mpitishe haraka. Karani alilisoma, akalikataa, nakala kwa Protini. Akapanda ghorofani kumshauri mkurugenzi amwone daktari, akaambiwa apitie kwa katibu muhtasi.

"Ungempitishia tu," msusi alisema, kitana mdomoni.

"Mwenye ardhi hajaridhia."

"Si kasaini mwenyewe!"

"Hakusoma, wifi."

Mwaka ule mkurugenzi hakuugua hata mafua. Malori yalipita uwanjani, na watoto wa chekechea walicheza wamejibanza ukutani. Mwishoni mwa mwaka ilifika tathmini ya karani, yenye saini ya mkurugenzi: Anakwamisha maendeleo. Karani aliisoma, akasaini kwamba ameipokea, kisha akavuta faili la kongosho ili azikumbushe Protini, kwa kuwa ilikuwa Jumanne.