Visanduku vya Mama Kimeli

Caren alikuwa ameshaanguka mara moja. Mwezi wa tatu, katika semina hii hii ya utafiti hapa chuoni Kericho, wanajopo walimrushia maswali mpaka wakamwangusha. Na sheria ya idara haina huruma: ukianguka mara ya pili, funganya virago, shahada ya uzamili uisikie kwa wenzako. Basi leo alisimama tena mbele ya projekta.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Visanduku sita vyenye vihisi vya joto na kamera ndogo vilifungwa kwenye vigingi katika shamba la majani chai huko Merigi. Vilipeleka habari kwenye kompyuta, na akili bandia ikabashiri jalidi, ile baridi ya alfajiri inayounguza majani yakawa rangi ya tumbaku. Mkulima angeonywa mapema kwa simu.

"Usahihi ni asilimia tisini na sita," Caren alisema. Daktari Owino, msimamizi wake, akatabasamu hadi jino la mwisho.

Lakini kulikuwa na jambo alilolificha. Katika alfajiri kumi na moja tofauti, visanduku vyote viliandika joto la nyuzi ishirini na mbili. Merigi penye baridi, mwezi wa kwanza, alfajiri! Hata mtoto angecheka. Caren hakujua sababu, na muda ulikuwa umemwishia. Akafuta rekodi hizo kimya kimya, asiandike popote kwamba amefuta. Haraka haraka haina baraka, lakini nani humwambia mwenye haraka akasikia?

Profesa Omosa, mwenyekiti wa jopo, mtu asiyecheka bure, alianza na mgeni. Mgeni alikuwa Tecla, Mama Kimeli, mwenye shamba lile, ameketi mbele na sweta yake ya kanisani.

"Mama, hivi visanduku vilikusumbua?"

"Aa, wapi! Hiyo ni mali ya mtoto wa wenyewe, nililinda kama yangu. Jioni nikiona dalili ya jalidi, nafungua zote naingiza jikoni, naweka karibu na moto zisiharibike na baridi. Jua likitoka narudisha."

Omosa akaegemea mbele.

"Mara ngapi, mama?"

"Kumi na moja."

Hapo Caren akaelewa. Kumbe mashine yake haikuwahi kuionja jalidi hata siku moja.

"Asilimia tisini na sita ya nini, basi?" Omosa akauliza.

Owino akarukia. "Profesa, mkulima ndiye ameharibu utafiti. Mwanafunzi angejuaje? Aongezewe muda tu." Akamkazia Caren macho: itikia, msichana!

Ilikuwa rahisi hivyo, kuitikia kwa kichwa tu. Caren akamtazama Mama Kimeli, aliyempa mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, kila alipokwenda kukagua vile visanduku. Mama wa watu alikuwa ameinamisha uso.

"Mwanangu, nimekuharibia masomo?"

"Hapana, mama." Akamgeukia mwenyekiti. "Profesa, hizo alfajiri kumi na moja niliziona. Sikuzielewa, nikazifuta nisiulizwe. Kosa ni langu."

Owino akafunika uso kwa kiganja. Omosa akaandika kwenye fomu, polepole, kisha akaweka kalamu chini.

"Umeanguka, Caren. Pole sana."

Ilimuuma, jamani. Alijua itakuja na bado ilimuuma, machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Akaanza kuchomoa nyaya zake.

Omosa akamgeukia Mama Kimeli. "Hizo mara kumi na moja, mama, ulikosea hata moja?"

"Nikosee aje? Zote jalidi ilianguka."

"Na ulijuaje tangu jioni?"

Mama Kimeli akaanza kueleza, Kiswahili kikamwishia njiani, akaingia Kipsigis, lugha ya kwao yeye na Caren, kwa kasi. Omosa akamtazama Owino. Owino akainua mabega. Caren akapangusa macho, akaweka nyaya chini, akavuta kiti kati yao.

"Anasema," akaanza, "anasema angenifundisha tangu mwezi wa kwanza. Alidhani sisi wenye mashine tunajua."