Siagi ya Sellah

Kitendawili, wanangu: nampaka mafuta kutwa, mafuta yanaisha, yeye halainiki. Shikeni jibu tukimfuata Sellah.

Sellah wa Vihiga, Kenya, alikuwa kijakazi huko Al-Hamra, Jeddah. Jumatatu simu ikalia: mama yake amefariki, atazikwa Jumamosi. Yeye ndiye kifungua mimba, udongo wa kwanza kaburini ni wake kuumwaga. Mkataba ulikuwa umeisha. Kilichobaki ni madam kumpa ruhusa ya kutoka nchini.

"Mpake siagi," akasema Rosebellah, mwenzake wa jikoni, naye wa Vihiga. "Ndivyo Waingereza huita kumsifu mtu mpaka akupe unachotaka. Eti zamani kule India watu walirushia sanamu za miungu madonge ya samli, wakiomba neema."

"Na sanamu zilitoa?"

"Aah, hapo sikusimuliwa."

"Wewe mbona humpaki?"

"Mimi? Ulimi wangu wa pilipili, dada."

Basi Sellah akapaka. "Madam, leo umekuwa kama bibi harusi!" Akamkanda miguu, akamwita mama. Kinywa kinacheka, moyo unaomboleza. Madam akawa anamwonyesha kwa wageni: "Huyu ni mwanangu!"

Alhamisi asubuhi madam aliuliza kwa nini wali umeungua. Rosebellah akajibu, "Kwani wewe unajua kuchemsha hata maji?"

"Halas! Huyu arudi kwao!" Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakatiwa tikiti.

Sellah akapiga magoti. "Nami, madam. Mama yangu anazikwa Jumamosi."

Madam akampangusa machozi kwa vidole vya pete, taratibu kabisa. "Si ulisema mama yako ni mimi? Wabaya ndio hurudishwa, wewe ni hazina. Mama yangu kule Riyadh haamki kitandani, nimeshamwahidi wewe. Yalla, funga mizigo."

Jumamosi, mtaa wa Al-Suwaidi huko Riyadh, Sellah alikuwa akimkanda miguu bibi kizee huyo, simu ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta. Ndani ya simu, Rosebellah alisimama ukingoni mwa kaburi kule Vihiga, akainama, akachota udongo kwa niaba yake.

"Nani huyo amekufa?" akauliza bibi kizee.

"Mama yangu."

"Zima, wanapiga kelele. Na kisigino umekisahau."

Sellah akazima kabla udongo haujaanguka. Akachota mafuta, akapaka kisigino.