Gari Lililosimama

Mguu wa Komora ulikuwa umeanza kunuka, na Bahiya alikuwa amezoea kuuosha huku akipumua kwa mdomo. Alipitisha kitambaa cha maji ya chumvi kutoka gotini kushuka, polepole pale mfupa ulipoinua ngozi kama kijiti kilichofichwa chini ya shuka. Komora alitazama paa. Hakulia. Alikuwa amelia vya kutosha siku ile kando ya barabara, baiskeli yake imepinda, mahindi mabichi yametapakaa kwenye lami, na gari jeupe likizidi kuwa dogo upande wa Garsen.

Gari halikusimama. Liliacha kitu kimoja tu, kioo cha pembeni cha kushoto, ganda lake jeupe, kimeng'oka na nyaya zake. Bahiya alikiokota kwenye majani akakifunga katika leso. Daktari alisema mfupa ukafungwe chuma Malindi, upesi, la sivyo mguu ungekatwa. Bima ya gari ndiyo ingelipia, kama gari lingejulikana.

Kituoni, askari aliyeitwa Tom alimuuliza kama mumewe alikuwa amelewa.

"Komora hajaonja pombe tangu azaliwe."

"Namba ya gari?"

"Sikuiona. Lakini kioo chake ninacho."

"Vioo viko vingi, mama. Sheria inamtaka dereva asimame, ataje jina lake, kisha aje hapa aripoti. Bado hajaja. Akija, tutakuita."

Tangu siku hiyo Bahiya alikuwa anamngoja dereva aje ajishtaki.

Mlango ukaingia giza. Alikuwa Masha, jirani yao anayeuza maji kwa mkokoteni, anahema.

"Mama Arafa! Ng'ombe wa Dahabo amegongwa pale kwenye kona. Na gari limesimama!"

"Limefanya nini?"

"Limesimama. Dereva yuko pale pale. Polisi nao wameshafika."

Bahiya alikamua kitambaa mpaka vidole vikamuuma. Kitu kilimpanda kooni, kichungu kama shubiri. Hakikuwa huruma. Alikijua jina lake, akakionea haya, na kikazidi kupanda. Aliichomoa leso chini ya kitanda akatoka.

Ng'ombe alikuwa amelala ukingoni mwa lami. Dukicha, mume wa Dahabo, alikuwa amewahi kumchinja kabla roho haijatoka, nyama isije ikawa haramu, na sasa alikuwa anapangusa kisu kwenye nyasi. Mtu mmoja alikata tawi la mwarobaini akawa anafukuza nzi. Bahiya alilitazama lile tawi likienda na kurudi, likienda na kurudi. Siku ile nzi walimkalia Komora mpaka jua likageuka, na miarobaini ilikuwa imejaa matawi.

Askari Tom alikuwa na futi ya kamba. Alipima kutoka kwato hadi tairi, akapima kutoka tairi hadi ukingo wa barabara, akapima tena kuhakikisha. Komora hakupimwa hata kwa macho.

"Rangi yake nyekundu," Tom alisema, akiandika. "Alikuwa na mimba?"

"Alikuwa nayo," Dahabo akajibu. Alikuwa amekalia mtungi wa plastiki uliopinduliwa, kivulini mwa gari lenyewe.

"Jina?"

"Langu ama la ng'ombe?"

"Lako, mama."

"Mimi Dahabo. Lakini hata yeye alikuwa na jina. Dimtu."

Watu wakacheka, na Tom akacheka nao. Dereva, mkandarasi mmoja mnene mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alitabasamu kwa adabu. "Pole sana, mama," alimwambia Dahabo. "Pole kabisa. Lakini umeona mwenyewe nimesimama papo hapo." Jina lake alikuwa ameshalitaja, tena kwa sauti, na leseni yake ilikuwa mkononi mwa Tom.

Pole. Kivuli. Tawi la kufukuza nzi. Bahiya alivitazama vitu hivi kama mwenye njaa anavyotazama sinia la harusi ya watu. Alimtazama Dahabo pale alipokaa, akatamani mtungi uteleze aanguke. Alimtazama hata ng'ombe, amelala na koo lake wazi, watu wamemzunguka, na akamhusudu.

Ndipo akaliona gari. Lilikuwa jeupe. Kioo cha kulia kilikuwa cheupe. Cha kushoto kilikuwa cheusi, kipya, bado hakijapakwa rangi.

Alipenya katikati ya watu akafungua leso.

"Hiki ni cha gari hili."

Tom hakuinua kichwa. "Mama, leo tuko na ng'ombe."

"Inua macho utazame. Kioo kimoja cheupe, kingine cheusi. Huyu ndiye aliyemvunja Komora."

Tom alikipokea kile kioo, akakipeleka kwa mkandarasi, na sauti yake ikalainika njiani.

"Bosi, hiki ni chako?"

Mkandarasi alikigeuza mara mbili. Jasho lilimtoka puani. "Ni changu," alisema. "Nilikipoteza njia hii hii. Jua lilikuwa machoni, nikadhani nimegonga tawi la mti."

"Mti," Tom alisema.

"Mti, naam."

Tom akamgeukia Bahiya. "Umesikia kwa masikio yako. Aligonga mti. Mti hauripotiwi."

"Mti ulipiga kelele!" Bahiya akasema. "Mti uliliita jina langu!"

"Usituharibie kazi, mama. Huyu angekuwa mtu wa kukimbia, si angekimbia na leo? Huyu anafuata sheria. Si unaona amesimama?"

"Basi nirudishie kioo changu."

"Chako? Mwenye mali amepatikana."

Mkandarasi alifungua mlango wa nyuma, akakiweka kioo juu ya kiti, taratibu, kisicheze. "Asante, mama, kwa kunitunzia," alisema. "Hivi ni shida kupatikana."

Bahiya alibaki na leso mkononi.

Jioni Dahabo alikuja na nyama kwenye beseni. Hakuketi. Komora alipoinusa aliinua kichwa kitandani kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kula, baba Arafa, upate nguvu," Dahabo alisema.

"Nguvu za kwenda wapi?" Bahiya aliuliza. "Ng'ombe wako ameandikwa rangi, ameandikwa mimba. Mume wangu ameandikwa mti."

"Una kijicho na mimi, mama Arafa?"

"Ninacho."

Dahabo alilitua beseni chini. "Wewe unafikiri alisimama kwa roho nzuri? Ng'ombe zilijaa mbele, zikajaa nyuma. Vijana wetu wako na fimbo, wamezunguka gari. Angepita wapi? Komora alikuwa peke yake na baiskeli. Mtu peke yake anapitwa tu."

Komora alikuwa anatafuna, mafuta yakimshuka kidevuni, amefumba macho.

"Dimtu alikuwa na kengele shingoni," Bahiya akasema.

"Iko nyumbani."

"Nipe."

"Kengele? Utamfunga nani, na wewe huna hata mbuzi?"

"Nipe tu, Dahabo."

Asubuhi ukungu wa mto ulikuwa umeifunika barabara. Arafa alisimama mlangoni na sare ya shule, mtandio mweupe kichwani, na mama yake alikuwa amepiga magoti akimfunga kamba ya ngozi shingoni. Kengele ilikuwa ya bati, nzito, bado ina manyoya mekundu kwenye pete yake.

"Mama, watanicheka."

"Waache wacheke."

"Wataniita ng'ombe."

"Wakuite. Pita pembeni kabisa. Ukisikia gari, rukaruka ilie."

Bahiya alimfuata kwa mbali, juu ya tuta, akisikiliza bati likigonga: ko, ko, ko. Pale kwenye kona, damu ya Dimtu ilikuwa imekauka ikawa doa jeusi, na alama nyeupe za chaki za Tom zilikuwa bado zimelizunguka. Pikapu ilikuwa inakuja kutoka Garsen kwa kasi, madirisha wazi, redio inaimba. Arafa akarukaruka.

Redio ikazimwa. Breki zikalia. Pikapu ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, ikawasha taa, na kwa muda mfupi ikawa karibu kusimama. Dereva alitoa kichwa nje, akakodoa macho ndani ya ukungu akitafuta kundi la ng'ombe na wenye fimbo.

Akamwona mtoto.

Akarudisha kichwa ndani, akawasha redio, akakanyaga mafuta. Upepo wa gari ukampiga Arafa, ukaitikisa kengele kifuani mwake, nayo ikalia peke yake.