Jani la Sale Mikononi mwa Polisi

Mlimwona. Msijifanye hamkumwona. Ijumaa ile alasiri Eunike, binti wa marehemu Thomasi, aliteremshwa kutoka Akheri kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mgambo, na mgambo ameinua juu jani moja refu la kijani kama shabiki ambaye timu yake imechukua kombe. Pale njia panda mlikuwa wengi tu. Mmoja wenu aliinama ghafla kuchagua ndizi ambazo alikwisha kuzichagua na kuzilipia. Mwingine alipokea simu ambayo haikuita. Na yule aliyemfundisha Eunike kusoma a, e, i, o, u aligeuka akautazama Mlima Meru kana kwamba umewekwa pale asubuhi ile.

"Mgambo, huu ni mshikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja, na mshikaki ni kosa la usalama barabarani," Eunike alikuwa anasema, kwa sababu alisomea sheria na hakuweza kujizuia.

"Nyamaza wewe. Unajiongezea makosa."

Akanyamaza. Mwenyewe alijua anajiongezea. Shahada ya sheria alikuwa nayo, mafunzo ya vitendo alikwisha kuyamaliza, na sasa alikuwa anabeba mafaili ya wakili Koikai ofisini kwake Sekei, mjini, akisubiri kitu kimoja tu: usaili mbele ya jopo. Akipita, anaapishwa. Anavaa joho na ile kola nyeupe. Hakuutaka uwakili kwa ajili ya gari. Aliutaka tangu siku alipomwona baba yake amesimama kwenye baraza la kata, jasho linamtiririka, akijibu "ndiyo, ndiyo" kwa maswali asiyoyaelewa, hadi akakubali kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mpaka wa shamba lake haujui. Eunike alitaka mtu mwingine wa Akheri akisimama pale awe na mwenzake pembeni anayeelewa kinachoulizwa. Na chuoni walikuwa wanatishana: ukilala mahabusu hata mara moja, joho utaliona likivaliwa na wenzako.

Sasa yuko kwenye bodaboda, anakwenda mahabusu.

Chanzo kilikuwa ng'ombe. Mama yake, mama Marta, alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye tabia za diwani: akishiba kwake anaanza kutafuta cha jirani. Alhamisi alivunja banda, akavuka mpaka, akaingia kwa Mzee Abdiel na kuutafuna mgomba mmoja. Ulikuwa mgomba wenyewe hasa. Mkungu wake Abdiel alikuwa ameutunza kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno, na alikwisha kuwatangazia watu kanisani kwamba Jumapili, kwenye mnada baada ya ibada, mikungu mingine itaona aibu. Ng'ombe aliuangusha, akaukanyaga, kisha akaulalia.

Mlimani ukimkosea jirani kiasi hicho hutumi ujumbe kwenye simu. Unakata jani la sale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba, unampelekea kwa mikono miwili. Akilipokea, amesamehe. Hata kama amevimba kwa hasira kama andazi, amesamehe, na hawezi tena kulirudisha. Ndiyo maana mtu mwenye hasira za kweli akikuona unakuja na jani huficha mikono mgongoni.

Mama Marta magoti yalikuwa yanamsumbua, Ijumaa akamtuma Eunike aliyekuja kumwangalia. "Kata sale upeleke kwa Mzee Abdiel, mwanangu. Umwamkie vizuri."

Hakumwambia akate wapi, kwa sababu hakuna mtu mzima wa Akheri anayehitaji kuambiwa. Jani la kuombea msamaha hukatwa kwenye sale la uani kwako. Lakini Eunike alikwisha kukaa mjini mno. Alichukua kisu, akaenda kwenye sale lililokuwa karibu na njia, akainama, akakata. Lilikuwa sale la mpakani. Mpaka ule ule uliomtoa baba yake jasho.

Na Mzee Abdiel, aliyekuwa amesimama juu ya maiti ya mkungu wake, akainua macho.

"Wanang'oa mpaka! Jamani, wanang'oa mpaka! Baba alishindwa, sasa wamemtuma mwanasheria!"

"Shikamoo baba, mimi nimekuja kuomba—"

"Na kisu anacho!"

Mgambo alikuwa nyumba ya tatu anakula makande. Alikuja anatafuna.

Pale kituoni, kituo kidogo kilichoko chini kwenye barabara kubwa, kaunta ilikuwa na Sajini Dismasi. Dismasi alikuwa mtu wa Songea, mgeni wa mlima, bado anavaa sweta mbili. Hakuwa mtu mbaya. Shida yake ni kwamba alisoma kozi ya vielelezo akafaulu vizuri mno.

"Hii nini?"

"Jani la sale, afande."

"Kazi yake?"

"Kuombea msamaha."

"Kwa hiyo unakiri kosa."

"Kosa ni la ng'ombe, afande."

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Mbona hajaletwa?"

Eunike alimtazama mgambo, mgambo akatazama dari. Dismasi alilifunga jani kwenye gazeti, akaandika juu yake *Kielelezo A*, akaliweka kabatini kwa heshima kama mtu anayelaza mtoto.

"Afande, naomba dhamana. Ni haki yangu, na haina malipo."

"Mkuu wa kituo hayupo. Jumatatu."

Mnaijua hiyo Ijumaa ya mkuu wa kituo hayupo. Vijana wenu wangapi wameliwa na Ijumaa hiyo, na nyinyi mkasema ngoja kwanza tuone Jumatatu?

Wa kwanza kufika alikuwa baba mdogo wake, Gadiel, amevaa koti lake la harusi, harusi yake mwenyewe. Gadiel aliamini hakuna ofisi isiyosikia adabu. Alitoa kofia, akapiga magoti nusu, na kutoka ndani ya koti akachomoa jani bichi la sale, akamkabidhi Dismasi kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee," alisema Dismasi, akilipokea. "Na hili umelitoa wapi?"

"Nimelikata nyumbani, mkuu, kwa ajili yako. Tunaomba msamaha."

"Yaani na wewe umekata."

"Kwa moyo wangu wote."

*Kielelezo B.*

"Baba mdogo!" Eunike alipiga kelele kutoka nyuma ya nondo. "Acha kumpa ushahidi!"

"Tulia, mama. Ameshalipokea. Tumeshasamehewa." Akamgeukia Dismasi. "Mfungulie sasa."

"Kaa kwenye benchi, mzee. Nitakuhoji."

Kisha akaja mama Marta na akina mama wa umoja wa wanawake wa kanisa, magoti na yote, na kila mmoja ameshika jani lake, maana walisikia Gadiel amekwama wakadhani jani moja halikutosha. Waliingia wanaimba pambio. Dismasi alirudi nyuma hadi akagonga kabati.

"Nyote mmekata?"

"Sote, baba," walijibu kwa pamoja, wakijivuna.

"Basi hili ni genge! Mmeufyeka mpaka mzima mnaniletea mezani!"

Kufika jioni kabati halikufungika. Gazeti liliisha, ikabidi mgambo atumwe dukani kununua jingine. Eunike alikaa sakafuni, kichwa kwenye magoti, akasikia mama yake akimweleza Dismasi kwa fahari kwamba binti yake ni wakili karibu kabisa, na Dismasi akijibu, "Hapo sasa, mama, sijui." Alimwona baba yake tena, na jasho lake. Safari hii aliyekuwa hana mtu pembeni ni yeye.

Jumamosi asubuhi Mzee Abdiel alifika mwenyewe, macho mekundu. Akina mama wale, walipotoka kituoni, walikwenda kuimba nje ya boma lake usiku kucha, na sasa walikuwa wamemfuata.

"Afande, nimekuja kuyamaliza," alisema. "Sina kesi tena."

"Basi umemsamehe?"

"Hapana."

Dismasi aliweka kalamu chini.

"Nitamsameheje wakati sijapewa jani?" Abdiel alieleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Alikuwa analileta, likakamatwa. Nikisamehe bila jani watasema nimehongwa. Mpeni jani lake anipe."

"Kielelezo hakitoki kituoni, mzee."

"Basi kesi haifi."

"Basi kesi haifi," Dismasi akakubali, na wote wawili wakalitazama kabati.

Ni hapo Eunike aliposimama. Alijifuta vumbi kwenye sketi kama mtu aliyeitwa na hakimu.

"Afande, mlalamikaji ameshakitambua kielelezo?"

"Kukitambua vipi?"

"Yako majani mengi humo ndani. Mahakamani utaulizwa: lililokatwa mpakani ni lipi? Nani alilitambua? Utajibu nini?"

Dismasi, mtu wa vielelezo, alipauka. Alifungua kabati, yakamwangukia miguuni, akachakura hadi akalipata gazeti lenye herufi A.

"Mtuhumiwa ndiye aonyeshe alivyolishika," alisema Eunike, "halafu mlalamikaji alikague kwa mikono yake. Hapa hapa kaunta, hakuna kinachotoka kituoni."

"Hiyo sawa," alisema Dismasi, na uso wake ulionyesha kwamba kweli ilimpendeza. Akamtoa, akampa jani.

Eunike alilishika kwa mikono miwili. Akapiga goti. "Shikamoo baba. Ng'ombe wetu amekukosea, na mimi nimekata pasipostahili. Naomba."

Mikono ya Mzee Abdiel ilitangulia kabla yeye mwenyewe hajaamua. Miaka yote ile ya kupokea majani! Alipotazama chini, jani lilikuwa viganjani mwake.

"Ah!" alisema. "Ah, huyu mtoto!" Akalitazama jani, akamtazama Dismasi, akatafuta pa kulitupa, na hapakuwepo. "Marahaba. Nimesamehe. Mungu wangu, nimesamehe."

Nje akina mama walipiga vigelegele. Dismasi aliuliza kama kielelezo kimetambuliwa au la, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza, na ilipobidi aandike sababu ya kumwachia alikaa na kalamu mdomoni muda mrefu, kisha akaandika: *Mlalamikaji hana nia tena, mikono yake imemshinda.*

Kicheko kiliishia hapo. Usaili ulibaki.

Nyumbani kila mtu alikuwa na ushauri. Gadiel alisema, "Wakikuuliza, sema ulikwenda mahabusu kwa mafunzo ya vitendo." Mama Marta alisema wasiambiwe, na wakiuliza tuombe wasahau. Jumatatu Eunike akaingia kwa Koikai, Sekei, hajala.

"Wakili, nimekwisha."

Koikai hakuinua kichwa kwenye faili. "Umeshtakiwa?"

"Hapana."

"Umehukumiwa?"

"Hapana."

"Basi umekamatwa. Kukamatwa ni kushikwa mkono na mtu mwenye sare, binti. Hata mimi nimeshikwa, na joho langu lile pale kwenye msumari." Sasa akamtazama. "Kitakachokumaliza ni kuficha. Wakikuuliza ukasema hapana, halafu wakajua, hiyo ndiyo kesi, na hiyo sitakutetea. Utawaambia wewe mwenyewe kabla hawajauliza. Lakini usiende mikono mitupu. Niletee barua mbili za watu wa kwenu walioona ulivyochukuliwa na wanaokujua tangu utoto. Mimi ni bosi wako, yangu haitoshi."

Barua mbili. Akheri yote imejaa watu walioona, si ndiyo? Alikwenda kwa mwalimu wake wa darasa la kwanza, mwalimu akasema mkono unamuuma, na wakati anasema alikuwa anapukuchua mahindi. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaambiwa muhuri umekauka wino. Mzee wa kanisa alimwombea, akamwombea kwa kirefu, akamsindikiza hadi getini, na barua hakuandika. Wote waliokula pilau kwenye mahafali yake! Mlima huu huu, mwaka hamsini na moja watu wake walipofukuzwa na wakoloni Engare Nanyuki na nyumba zao kuchomwa moto, walichangishana wakapeleka malalamiko yao hadi Umoja wa Mataifa, ng'ambo ya bahari, kwa wazungu wasiojua sale wala mgomba. Wajukuu zao wanashindwa kuvuka barabara.

Aliyeandika alikuwa Abdiel. Ndiyo, Abdiel. Alishuka mwenyewe hadi Sekei, akakaa mbele ya Koikai, akasema barua hiyo ataandika yeye kwa mkono wake, asiingiliwe. Alijaza ukurasa. Nusu ilikuwa juu ya mkungu: unene wake, na ilivyokuwa dhambi kuulalia. Nusu ya pili alisema hivi: mtoto huyu alikuja kwangu kuomba msamaha, nikamwitia polisi, yeye ndiye mkweli na mimi ndiye niliyekosea kwa haraka, nikipata kesi tena nataka yeye ndiye asimame na mimi.

Koikai aliisoma, akavua miwani, akaifuta. "Ya mkungu tungeipunguza."

"Hata neno," alisema Abdiel.

Kwa hiyo barua moja ipo. Inatakiwa ya pili, na usaili ni Alhamisi. Eunike amekwisha kuamua atasema kweli hata akiwa peke yake, lakini kusimama peke yake tumeshaona kulimfanya nini baba yake.

Wewe uliyekuwa njia panda, unajua kuandika. Andika ulichokiona: siku, mahali, nani alikuwa amemshika, na huyo mtoto ni mtu wa namna gani kwa unavyomjua. Tia sahihi jina lako kamili, siyo "raia mwema". Ofisi ya Koikai iko Sekei, inafungwa saa kumi. Usingoje mwenzako aanze, naye anakungoja wewe. Chukua karatasi. Sasa hivi, kabla hujageuza uso tena.